Uvimbe Tumboni mwa Kemuma

Kila asubuhi Kemuma alichuma majani chai katika shamba lake, karibu na Nyamira. Mke mwenza wake, Bonareri, alichuma ng'ambo ya mfereji. Mume wao, Nyangau, aliwagawia mashamba sawa. Hata hivyo Kemuma hakuangalia kikapu chake. Aliangalia cha Bonareri.

"Kimejaa tena," alinong'ona. "Na mimi hata kuinama siwezi."

Maumivu yalikuwa chini ya mbavu za kushoto. Akila kidogo tu, alihisi ameshiba. Sisi Wagusii tuna neno la chuki ya wake wenza: engareka. Kemuma aliamini engareka ndiyo iliyomvimbisha.

"Umenitia nini tumboni, Mama Masese?" alimfokea Bonareri.

"Mimi? Mama Orpah, ningekuwa na dawa kali hivyo, ningewapa panya wanaomaliza mahindi yangu!"

Nyangau hakucheka. Alimpeleka Kemuma hospitali mjini Kisii. Ulikuwa mwaka wa 1997. Daktari Swati, binti wa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini humo, alimpima kwa mashine ya picha.

"Mama, una mfuko wa majimaji kwenye kongosho," alisema. "Kongosho liko nyuma ya tumbo. Hutengeneza maji ya kusaga chakula."

"Nani aliuweka?"

"Hakuna aliyeuweka. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna maagizo yanayoitwa jeni. Seli ikijigawa, huyanakili. Pengine hukosea. Ukikata kipande cha mchai wenye kasoro, ukakipanda, utapata nini?"

"Mchai wenye kasoro ileile."

"Basi. Kosa la kwanza mara nyingi huiambia seli, 'Jigawe, usipumzike.' Mfuko unaanza. Hiyo bado si saratani. Lakini ziko jeni nyingine ambazo ni walinzi. Moja huizuia seli mbovu isijigawe. Nyingine huiamuru ife. Makosa yakiwaangusha walinzi hao mmoja baada ya mwingine, seli hutoboa ukuta wa mfuko na kusambaa. Hapo ndipo huwa saratani. Huchukua miaka."

"Kila mfuko hugeuka?"

"Hapana. Mingi haigeuki. Lakini wako ni mkubwa, na ukuta wake umeota kinundu. Nashauri uondolewe mapema."

"Na binti yangu, Orpah, ataurithi?"

"Mara nyingi makosa haya hayarithiwi. Hutokea ndani ya mfuko wenyewe. Kuna jamaa zako waliougua saratani ya kongosho?"

"Sijasikia."

Kemuma akasema kwa uchungu, "Nikilazwa, yule atachuma chai yangu. Atampikia mume wangu kila siku."

"Atampikia," daktari alikubali. "Na ukifa atampikia pia."

Kemuma alikubali kupasuliwa. Jamaa waliombwa damu. Ya Nyangau haikulingana na yake. Ya Bonareri ililingana.

"Hapana!" Kemuma alilia. "Damu yake ina engareka! Itaharibu hayo maagizo yangu!"

"Damu ya mtu haibadilishi jeni za kongosho lako," alisema daktari. "Tumeipima. Ni salama."

Bonareri alikuwa mlangoni, amebana pamba mkononi, mahali alipodungwa sindano. "Tena anayestahili kuwa na wivu ni mimi," alisema. "Wewe ndiye mke wa kwanza. Mimi naitwa 'yule'."

Kemuma aligeukia ukuta akaomba. "Bwana, damu hii siitaki. Lakini nataka kuishi. Nisaidie niitake."

Alipogeuka, alimwambia daktari, "Itieni."

Madaktari waliutoa mfuko pamoja na kipande cha kongosho. Maabara iliuchunguza. Seli zilikuwa zimeanza kubadilika, lakini hazikuwa zimetoboa ukuta. Kemuma alikuwa amewahi. Aliagizwa arudi kliniki kupimwa, naye alirudi kila alipoitwa.

Alipopata nguvu, majirani walikuja kumshukuru Mungu pamoja naye. Baada ya sala, Mokeira wa nyumba ya jirani alimwinamia sikioni. "Sasa tuambie. Nani alikuroga?"

"Hakuna mchawi," Kemuma alijibu kwa sauti, wote wasikie. "Ni makosa ya kunakili ndani ya seli. Mkiwa na maumivu yasiyoisha, nendeni mkapimwe mapema. Msipoteze siku mkitafuta mchawi kama mimi."

"Waambie pia ni nani aliyekupa damu," alisema Bonareri.

Kemuma alivuta pumzi.

"Ni mke mwenzangu, Bonareri," alisema. "Lakini msimsifu sana. Ataringa."