Wafanyakazi Walipogoma, Muthama Alisimama Wapi?

Ndila alikuwa mpishi katika chuo kikuu, nje kidogo ya mji wa Salama. Kila asubuhi alifunga leso kiunoni, akawasha majiko makubwa ya kuni. Mwanawe, Muthama, alisomea kilimo katika chuo hicho hicho. Wanafunzi wengi walimwita Ndila "Mwaitu", yaani mama.

Mwaka wa 1994, mkuu wa chuo alitangaza kwamba wafanyakazi wengi watapunguzwa: wapishi, watu wa maktaba, watu wa maabara. Hakuna aliyeulizwa. Chama cha wafanyakazi kiliomba mazungumzo, kikakataliwa. Basi kikatoa notisi, na notisi ilipoisha, wafanyakazi wakagoma. Walikaa langoni, wakaimba nyimbo za kanisani, wakawaomba wanafunzi wawaunge mkono.

Wanafunzi hawakuelewana. Walikuwa na njaa, na mtihani ulikuwa karibu. Kisha mkuu akasema kwamba mwanafunzi atakayepika badala ya wapishi atalipwa. Muthama akakubali.

Jioni alimwambia mama yake.

"Utapika kwa sufuria zangu?" Ndila aliuliza.

"Mwaitu, mimi nataka kumaliza masomo. Mgomo wenu unanichelewesha."

Ndila alisukuma sahani yake kando, akatoka nje.

Jirani yao, Sauda, ambaye vijana walimwita Mama Amin, alikuwa uani akianua nguo. Zamani alikuwa karani wa chama cha wafanyakazi huko Mombasa. Alimwona Ndila akilia. Alipoambiwa sababu, aliingia ndani kwa Muthama.

"Nimesikia unaenda kupika chuoni," alisema.

"Ni kazi tu, Mama Amin. Mtu akiacha kazi, si mwingine anaichukua?"

"Mama yako hajaacha kazi, mwanangu. Amegoma ili asifukuzwe. Mfanyakazi ana mikono yake tu. Akiikunja, mkubwa anaona pengo, anakubali kuzungumza. Wewe ukiliziba hilo pengo, kwa nini azungumze?"

"Na watu wa maabara wakifukuzwa," Sauda aliendelea, "utasomea kilimo wapi? Kwa redio?"

Muthama alicheka kidogo. "Wenzangu wengine wanataka tupige ofisi mawe."

"Mkirusha mawe, polisi watakuja na chuo kitafungwa. Watu watazungumza juu ya mawe, watasahau kazi. Mkitaka kusaidia, msichukue kazi zao. Chagueni wawakilishi. Ombeni wakubwa wakae meza moja na wafanyakazi. Na mfanye hivyo kwa amani."

Kesho yake wanafunzi walikutana uwanjani. Mulei, rafiki wa Muthama, alikuwa tayari ameshika jiwe.

"Mulei, weka chini," Muthama alisema. "Ukirusha hilo, polisi watakuja na rungu. Mama yangu ndiye amekaa langoni. Ndiye atapigwa kwanza."

Mulei alimtazama, kisha akaliacha jiwe lianguke.

Walichagua wawakilishi, Muthama na msichana mmoja aitwaye Mbinya. Wawili hao walikwenda kwa mkuu wa chuo.

"Mimi sitapika, bwana mkuu," Muthama alisema. "Na wenzangu wamekataa pia. Tunaomba mzungumze na wafanyakazi."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Najua. Lakini hao ndio wanaotulisha na kutufundisha. Hata sisi tutaumia wakienda."

Siku zilipita. Wanafunzi walikula mkate na chai ya rangi. Wengine walinung'unika, lakini hakuna aliyeingia jikoni, wala kioo hakikuvunjwa. Mwishowe mkuu aliwaita viongozi wa chama.

Hawakupata kila kitu. Wazee waliotaka kustaafu waliondoka na haki zao. Wengine wote walibaki kazini. Tena chuo kilikubali kwamba hakitapunguza watu bila kukaa kwanza na chama. Mtihani ulichelewa, lakini ulifanywa, na Muthama akapita.

Siku jiko lilipowashwa tena, Ndila alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Muthama alipanga foleni kama wengine. Mama yake alimpakulia.

"Mwaitu, niongeze kidogo."

"Songa, wenzako wana njaa," Ndila alisema.

Lakini alimwongeza.