Deni Alilobeba Sudi Msibani

Umeme ulikuwa umekatika kwa siku ya tatu katika mtaa mzima wa Bel-Air, Lubumbashi, na karakana ya Sudi ililala baridi, lakini jikoni kwa mkewe kulinuka chuma cha moto kilichotumbukizwa ndani ya maji. Fundi wa kuchomelea hadanganyiki na harufu hiyo. Sudi alikuwa uani ananawa, sabuni mpaka kwenye viwiko, akauliza kupitia mlangoni:

"Feza, umechoma nini?"

"Nichome nini? Bukari haina chuma." Feza alikuwa anasonga ugali huo, mgongo kaupa mlango. "Weye njo unanuka chuma, bwana yangu. Hata mu kitanda unanuka chuma tu."

Alicheka. Kicheko hakikufika mwisho. Kofi lilisikika, kavu, kama ubao unaopasuliwa, na Feza akazunguka nusu duara akaangukia mbabula, lile jiko la makaa, sufuria ikapinduka, makaa yakatawanyika hadi miguuni pa Sudi, aliyekuwa bado nje ya mlango, maji yakimtiririka mikononi.

Shavuni palikuwa na alama ya vidole vitano, virefu kupita vya mtu yeyote.

"Nani?" Sudi akauliza, akimwinua.

"Hapana muntu," Feza akanong'ona. "Sudi, hapana muntu humu ndani."

Sudi alikuwa mgonjwa wa akili. Litamkwe hivyo hivyo, maana kulizungukazunguka ndiko kulikomponza. Ugonjwa wake ulikuwa na siku za moto na siku za giza. Siku za moto halali, anaimba, anaahidi, anakopa, dunia nzima ni ndugu yake. Siku za giza hawezi kufunga hata kifungo cha shati. Kwao Ujiji jambo hilo lilikuwa na utaratibu: kaka yake akimsikia ameanza kuimba, alizunguka duka kwa duka akisema, "Wiki hii neno la Sudi si neno. Msimuuzie, msimkopeshe." Wala hakuna aliyecheka. Lakini Lubumbashi alikuja peke yake. Akachomelea mageti, akaoa, akaitwa Bongo kama Watanzania wote, na siri yake akawapa watu wawili tu: Feza, na jirani yao Mama Julienne, Mluba wa Kasai aliyekuwa muuguzi. Vidonge alivificha ndani ya kopo la elektrodi, vijiti vyake vya kuchomelea. Aliwaza, nani atamkabidhi kichaa pesa ya kununulia chuma?

Miezi kadhaa kabla ya kofi lile alijiona amepona, akaacha vidonge. Siku ya tano bila usingizi alikwenda msibani kwa Mzee Sefu, tajiri wa chuma chakavu aliyewazika wake zake wawili kabla ya kufa yeye. Waislamu wana desturi: kabla maiti haijatoka, mrithi husimama na kuuliza nani anamdai marehemu, maana deni haliingii kaburini. Abdoul, mwana pekee wa mzee, alisimama mbele ya jeneza akauliza. Watu watatu wakainua mikono. Uso wa Abdoul ukakunjamana.

Sudi akapanda juu ya kiti. "Msimsumbue yatima! Madeni yote ya Mzee Sefu yako juu yangu, mimi na nyumba yangu! Kila anayemdai, anidai mimi!"

Watu wakapiga takbira. Abdoul alikuwa amemwona Sudi juzi yake akiwahubiria mbuzi barabarani; alijua vizuri sana anaongea na mtu wa hali gani. Akainamisha kichwa, akasema, "Mungu akulipe, kaka." Na nyuma kabisa, ukutani, mtu mrefu mwenye koti la sufu, asiyetoka jasho katika joto lile, akauliza kwa adabu:

"Na mimi?"

"Na wewe!" Sudi akajibu. Hakuuliza kiasi. Hakuuliza hata anadai nini.

Kisha likaja giza, na miezi miwili ya hospitali. Alipotoka, sentensi moja ingemfungua: siku ile nilikuwa mgonjwa. Hakuisema. Alianza kuwalipa wale watatu, geti baada ya geti, ili siri ibaki siri. Kosa lake lilikuwa hapo.

Sasa kila adhuhuri harufu ya chuma ilikuja, na nyuma yake mapigo. Siku ya pili Feza alipoteza jino. Siku ya tatu, mbavu mbili. Mama Julienne alimfunga bandeji, akimtazama Sudi bila kupepesa.

"Bongo, uko nakunywa dawa?"

"Kila asubuhi, mama. Hesabu vidonge."

Alivihesabu. Vilikuwa sawasawa. Hilo halikumpa Sudi raha. Jioni alikaa kitandani akiitazama mikono yake kama mikono ya mgeni.

"Feza, niambie kweli. Ni mimi?"

"Siku ya kwanza mikono yako ilikuwa mu sabuni."

"Na leo?"

"Leo nilifunga macho," akasema.

Asubuhi ya siku ya nne Assani, kaka yake Feza, aliingia uani na vijana wawili na mnyororo wa kuvutia magari. Hakusalimu. Alimpiga Sudi kichwa cha pua, Sudi akakaa chini.

"Dada yangu ni ngoma? Eh, Bongo? Ulitoka kwenu kuya kupiga batoto ya bantu huku?"

"Assani, wacha!" Feza alipiga kelele kutoka ndani, akishika mbavu. "Haiko yeye!"

"Haiko yeye! Sasa ni nani, ni ukuta njo inakuvunja meno?"

Sudi alitema damu. Hakukasirika. Alikuwa amechoka kujishuku, na mtu aliyechoka kujishuku hukubali hata kamba shingoni, mradi ajue.

"Nifunge," akasema. "Nifunge mwenyewe kwenye lile geti. Ufunguo wa kufuli shika wewe. Halafu kaa hapa mpaka adhuhuri, na macho yako uyafungue."

Geti lilikuwa la mteja mmoja wa mjini, kilo mia mbili, halijapakwa rangi. Wakamfunga mikono na kiuno. Assani akaketi mbele yake, ufunguo kiganjani, kisu cha maneno mdomoni: "Tutaona. Leo tutaona." Feza walimketisha mkekani, katikati ya ua, jua kichwani, Mama Julienne kando yake.

Harufu ikaja. Mmoja wa wale vijana akauliza nani anachoma chuma, na papo hapo kichwa cha Feza kilikwenda nyuma kwa ghafla kama mtu aliyevutwa nywele, na wote waliona nywele zake zimesimama zikiwa zimeshikwa, ngumi nzima ya nywele na hakuna ngumi, kisha uso ukapigwa kulia, ukapigwa kushoto, damu ikaruka mpaka kwenye gauni jeupe la Mama Julienne, na mama yule akajitupa juu yake kumkinga akatupwa pembeni kama nguo, na Feza akaburutwa kwa nywele, visigino vikichora vumbi, akizungushwa ua mzima mara moja, mara mbili, akigongwa kwenye mtungi, kwenye ngazi, kwenye ukuta, huku Sudi akinguruma na kuvuta mnyororo mpaka geti la kilo mia mbili likasogea na ngozi ya viganja vyake ikabaki kwenye chuma, na Assani amekaa pale pale, mdomo wazi, ufunguo umemdondoka kitambo.

Kisha mapigo yakakoma. Feza alilala chali, na mdomo wake uliochanika ukafunguka. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, tulivu, ya mtu mwenye adabu aliyesimama kaunta.

"Nadai," ilisema.

"Kamata pikipiki," Mama Julienne alimnong'oneza Assani kutoka pale alipoangushwa. "Mimi niko mukristu, lakini enda ulete Mwalimu Abibu. Mbio!"

Mwalimu Abibu aliishi kwa kutengeneza baiskeli na alifundisha Kurani jioni. Alikuja na mikono ya grisi, bila ubani, bila kuku. Aliagiza Sudi afunguliwe, akavuta kiti, akaketi kichwani pa Feza.

"Unadai nani?"

"Sudi."

"Deni gani?"

"La Sefu. Nilimpa mali, akanipa wake zake, kidogo kidogo, wawili. Alikufa kabla ya kumaliza. Huyu akalibeba, yeye na nyumba yake."

"Alikuwa mugonjwa wa kichwa siku ile. Sheria yetu iko wazi. Neno ya muntu mugonjwa vile haifunge kintu."

"Wale wengine watatu anawalipa," sauti ikasema, "na anawalipa akiwa mzima. Kwa hiyo amekubali."

Mwalimu alimgeukia Sudi, na macho yake yalikuwa na hasira ya fundi aliyeona boliti imekazwa upande mbovu.

"Ni kweli? Unalipa, na uko muzima?"

"Nalipa."

"Juu ya nini?"

Sudi alitazama viganja vyake vyenye damu. "Haya," akasema. "Niliona haya."

"Ah! Haya!" Mwalimu alipiga paja lake. "Haya yako njo inakula bibi yako, baba. Sikia. Hizi ni bintu mbili. Ugonjwa ni ya kwako, utakunywa dawa yako mpaka siku ya mwisho, na haiko zambi. Huyu haiko wa kwako. Lakini yeye anashika neno yako, na neno yako weye mwenyewe utaenda kuiondoa, pale pale kwa Sefu, mbele ya bale bale balikusikia."

"Kesho adhuhuri," mdomo wa Feza ukasema kwa upole. "Namalizia."

Habari ilitembea usiku ule bila kutumwa. Ijumaa kabla ya swala, lupango ya Mzee Sefu, ua wake mpana wenye ukuta mrefu, ilijaa: waumini, wauza mchele, wateja wa mageti, hata wale wadai watatu. Feza aliletwa kwenye mkeka, taya limevimba, jicho moja limezibwa. Abdoul alimvuta Sudi pembeni, karibu na jiko la nje, kibanda chenye mlango wa chuma.

"Bongo, kaka yangu, wacha kujipaka mavi mbele ya bantu," alinong'ona haraka. "Ukisema uko kichaa, hapana muntu atakuletea kazi tena. Niko na dola elfu mbili hapa, ku mufuko. Peleka Feza Lusaka. Huko haitamuona."

"Kumbe unamjua," Sudi akasema.

Abdoul alitia mkono mfukoni. Mkewe, Mwenya, binti mwembamba wa Kibemba, alikuwa anapita na sinia la vikombe, akawatazama wote wawili bila kuelewa.

Harufu ikafika. Kwenye mkeka mkono wa kushoto wa Feza ulianza kujikunja kwa nyuma, polepole, kama mtu anayekunja waya na ana muda, na Feza alikuwa analia bila sauti kwa sababu taya halifunguki, na Sudi alisimama mbele ya watu mia, watu ambao kesho wangemcheka sokoni, na ulimi wake ukawa mzito kama risasi, na mfupa ukalia.

"Mimi ni mgonjwa wa akili!" akapiga kelele. "Nina vidonge, nina karatasi ya hospitali, mwulizeni Mama Julienne! Siku ya msiba nilikuwa na siku tano sijalala. Nilikuwa kichaa! Neno langu halikuwa neno! Silibebi deni la Sefu, si la mtu na si la asiye mtu! Ninyi watatu, nilichowalipa nimewapa sadaka, salio mdaini mwenye baba yake! Na wewe, sikujui!"

Mtu mmoja alicheka. Mwingine alisema, "Niliwaambia, huyu Bongo..." Mkono wa Feza ukaachiwa, ukaanguka mkekani kama kitu kilichodondoshwa. Mara ya mwisho ile sauti ikatoka kinywani mwake.

"Sawa," ilisema. "Mimi sidhulumu. Narudi kwa mrithi."

Vikombe vikavunjika. Mwenya alikuwa amepigwa tumboni, amejikunja mbele ya jiko la nje, na kabla hajavuta pumzi alipigwa tena akabandikwa ukutani. Wanaume mia moja walirudi nyuma pamoja. Aliyekwenda mbele ni Feza. Alijiinua kwa mkono mmoja, akayumba, akafika, akamkumbatia yule binti akamfunika kwa mwili wake wote, na mapigo yakampita Feza kama upepo unavyopita wavu, yakatua chini yake, kwa Mwenya, moja baada ya jingine.

"Mwenya hakukopa kintu!" Feza alisema kupitia meno, kwa taya lile lile lililovimba. "Abdoul! Mwambie ni weye! Sema utalipa na mwili ya kwako!"

Abdoul alikuwa ameshashika komeo la geti la nje.

Sudi alimkamata ukosi. Hakuwa na siku ya moto wala siku ya giza. Alikuwa na akili zake zote, na alizitumia. Alimburuta Abdoul uani, magoti yakikwaruza, akamsukuma ndani ya jiko mlimokuwa mnatoka ile harufu, akafunga mlango wa chuma, akauwekea mgongo.

"Muulize mwenyewe anachodai!" akafoka. "Ni baba yako, si wangu!"

Mapigo yakakoma. Mwenya alivuta pumzi ndefu kifuani pa Feza. Nyuma ya mlango, kwa adabu, sauti iliuliza:

"Unalipa wewe, au nani?"

Abdoul hakufikiri hata kidogo.

"Bibi yangu," akasema. "Mwenya. Eko hapo inje."

Mwenya alilisikia jina lake. Alimtazama Feza, akaanza kusema kitu, na shingo yake ikageuka upande ambao shingo haigeuki.