Gumba la Zimwi la Topeni

Jua lilikuwa linaagana na mabati pale Bi Brashi alipofika kwa daktari wa meno, kikapu mkononi, kumfuata mgonjwa asiye na jino hata moja la kweli.

Mgonjwa mwenyewe ni sanamu. Nasema mapema, asije mtu akanikata kauli katikati ya hadithi kuniuliza.

Bi Brashi alikuwa fundi wa kuchonga na kupaka rangi mazimwi ya sinema, katika karakana ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Si midoli ya kuchezea watoto. Ni sanamu za watu wazima wenye nafasi zao. Wanaziweka kwenye kabati la kioo, wanazimulika taa, kisha wanazikagua gamba kwa gamba kama mawifi wanaokagua bibi harusi. Pembe ikizidi unywele mmoja kuliko ya kwenye sinema, sanamu inarudi ilikotoka.

Safari hii lililokataliwa, na mnunuzi wake ndiye daktari huyu, ni Zimwi la Topeni. Na kati ya mazimwi yote duniani, hilo ndilo Bi Brashi alilolijua hadi ndani.

Maana ndani yake alikuwa mumewe.

Zama hizo zimwi la sinema lilikuwa mtu aliyevaa ngozi ya mpira. Mumewe, bwana mrefu mpenda mzaha, watu wakimwita Mlingoti, ndiye aliyelivaa. Bi Brashi ndiye aliyelishona vazi lile, na kila asubuhi ndiye aliyemfunga zipu mgongoni, pale ambapo mkono wa mvaaji haufiki. Ukishafungwa humo, upige kelele usipige, mpira unazimeza zote. Kwa hiyo mke na mume wakatunga lugha yao. Mlingoti akikunja kidole gumba na kukifunika kwa vidole vinne, maana yake: mke wangu, nifungulie. Hawakumfundisha mtu mwingine. Wa nini? Nani mwingine angemfungulia?

Siku ya mwisho ya kupiga picha, mtoto wao akashikwa na homa.

"Baki naye," Mlingoti akamwambia, mguu mmoja nje mmoja ndani. "Leo ni mkono tu. Zimwi linazama topeni, mkono unabaki juu, kwisha. Nani anashindwa kuinua mkono?"

Jioni wakamrudisha amefunikwa shuka. Moyo, wakasema. Ulisimama ghafla, kazi ikiwa imeshakwisha. Bi Brashi akaamini. Usilolijua ni usiku wa giza, na yeye usiku huo aliufungia mlango. Sinema ile hakuitazama hata siku moja. Sanamu yake aliichonga kwa kufuata bango la tangazo, lile linalojulikana na kila mtu: tope, pembe zinazama, mkono juu, vidole vyote vitano vimetanuka.

"Shikamoo, mama," daktari akamfungulia. Wagonjwa walikuwa wameshaondoka.

"Marahaba. Haya, nisomee mashtaka. Mara ile uliniambia kucha zina afya kupita kiasi."

"Na zilikuwa nayo. Zimwi linaishi topeni, kucha zinang'aa kama zimepigwa mswaki." Lakini hakucheka. "Leo si kucha. Njoo uone."

Alikuwa ameilaza sanamu kwenye kiti cha wagonjwa, chini ya taa kubwa. Bi Brashi akainama.

Magamba yake. Pembe zake. Rangi yake, tabaka juu ya tabaka.

Mkono ulikuwa umekunja gumba.

"Ilipokuja ulikuwa wazi," daktari akanong'ona. "Kila nikirudi asubuhi, gumba limesogea. Nikasema ni joto, plastiki imelainika. Nikaiwashia feni. Halikuacha."

Bi Brashi akaugusa. Plastiki ngumu. Baridi. Rangi haikupasuka hata kwenye mkunjo.

"Sinema yake unayo?"

"Mimi, mama? Nimeanza kuitazama nikiwa na meno ya utoto."

"Niwekee ule mkono."

Ukutani kulikuwa na kioo anachowaonyeshea wagonjwa picha za mataya yao. Akaiwasha humo. Tope likatokea. Ukungu. Mkono ukachomoza, ukatikisika, ukapotea... kupepesa jicho tu. Daktari akairudisha nyuma, akaisimamisha, akaikuza.

Gumba lilikuwa ndani. Vidole vinne juu yake.

"Lakini tangazo..." daktari akaanza.

"Tangazo lilichorwa kabla."

"Miaka yote hii naitazama. Naisimamisha hapohapo, nawaambia wageni: oneni mtu anavyojua kuigiza."

"Haigizi, Daktari. Ananiita."

Hapo ndipo harufu ya karafuu, ile ya dawa ya meno, ilipoondoka chumbani. Ikaja nyingine. Mpira uliolowa. Tope la chini, lile lisiloonja jua.

Kisha sauti.

Hhhh... hhhh...

Kama mtu anayevuta pumzi kwenye tundu lisilomtosha.

"Ni mashine ya kunyonya mate," daktari akasema.

"Umeizima?"

"Nimechomoa na waya."

Hhhh... hhh...

Sauti ilitoka kitini. Na ilikuwa inafupika.

Bi Brashi akatoa kikapuni kisu chake cha kuchongea. Akaigeuza sanamu kifudifudi, taratibu, kama anavyogeuzwa mgonjwa asiyejiweza.

"Mama, usiniharibie. Mgongo ndio sehemu sahihi kuliko zote. Zimwi halina zipu."

"Lilikuwa nayo," akasema Bi Brashi. "Niliishona mimi."

Akaweka ncha ya kisu shingoni. Hakupima. Mkono wake uliikumbuka njia: kutoka kisogoni, kati ya mabega, hadi kiunoni. Alikata huku akinong'ona, kwa sauti ambayo daktari alikiri baadaye kwamba hakupaswa kuisikia.

"Nimekuja, baba watoto. Nimechelewa. Mtoto alikuwa na homa."

Sanamu zile hazina uwazi ndani. Ni plastiki tupu iliyomiminwa kwenye kalibu, nzima kama jiwe.

Ikafunguka.

Yakatoka maji ya tope. Yakatoka, yakatoka, kuliko yanayoweza kukaa ndani ya kitu cha urefu wa mkono. Yakajaza kiti, yakashuka sakafuni, yakapita chini ya mlango. Yalikuwa na joto. Joto la mwili.

Halafu pumzi moja. Ndefu. Ya kutoka.

Akaigeuza tena chali. Gumba likachomoka polepole chini ya vidole, vidole vikanyooka, kiganja kikabaki wazi kikimtazama. Bi Brashi akaweka ncha ya kidole chake humo. Vidole vidogo vikamshika mara moja, kwa nguvu, kama zamani alipokuwa akimshusha mumewe ngazi baada ya kazi.

Kisha ikawa plastiki.

Simu ikalia kikapuni. Shemeji yake.

"Shemeji, uko wapi?" Alikuwa ananong'ona, na mtu yule hajui kunong'ona. "Njoo karakana. Zile za rafuni, ambazo hatujazituma... zote zimekunja gumba. Na zinapumua."

"Siku ile ulikuwepo," Bi Brashi akasema.

Simuni zikasikika pumzi za rafuni: hhhh... hhhh...

"Ulikuwepo. Mkono uliuona?"

"Nilishika taa. Tulipiga makofi, shemeji. Sote. Tukasema leo kaka ameweza."

Bi Brashi hakumlaumu. Angemlaumu vipi? Mtu hasomi asichofundishwa. Akafuta kisu kwa pindo la kanga, upande mmoja, kisha wa pili.

Daktari alikuwa amejibana ukutani, viatu vimelowa. "Mama," akauliza, "zilizokwisha kuuzwa je?"

Bi Brashi akaziwaza. Nyumba asizozijua, miji asiyoijua. Makabati ya kioo yenye kufuli. Wageni wanaletwa, taa inawashwa, mwenyewe anaelekeza kidole: tazameni mkono ule, tazameni ufundi. Na wageni wanatingisha vichwa kwa kusifu, na ndani mtu anaomba kufunguliwa.

Akafunga kifuniko cha kikapu chake.

"Nakuja," akaiambia simu.

Shemeji alikuwa ameshakata simu.