Sweta Katika Picha

Cheptanui ni jirani yangu hapa Kiamunyi. Ninayoyasimulia nimeyapata kwake na kwa Vipul, mwenye duka la uchapaji mjini Nakuru ambako Cheptanui alikuwa akifanya kazi. Niliwauliza kila mmoja peke yake. Hawakupingana popote. Ningefurahi kama wangepingana.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, Januari 2008, wiki chache baada ya uchaguzi ulioleta ghasia, ikiwa kuna kitu cha kawaida kilichobaki mwezi ule. Kazi nyingi dukani zilikuwa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu. Cheptanui alizitengeneza kama zinavyotengenezwa katika kila duka la aina hiyo: anafungua programu ya marehemu wa juzi, anafuta jina, anakopi picha mpya na kuipesti juu ya ile ya zamani. Nyimbo na sala hubaki zilezile. Uso ndio hubadilika.

Mteja wa kwanza alikuwa Micah, mkulima wa Dundori, ambaye angemzika baba yake kesho yake. Cheptanui akaiskani picha ya mzee, akaikopi, akapesti.

Kwenye skrini akatokea kijana. Ameketi mwisho wa benchi, kana kwamba amemwachia mtu nafasi. Nyuma yake ukuta wa kijani. Picha ilikuwa ya mbali, yenye ukungu.

"Madam," Micah akasema, "huyo si baba yangu. Mzee hakuwahi kukaa kijana hivyo, hata akiwa kijana."

Wakacheka. Vipul akasogea.

"Imeshika kitu cha zamani. Funga kila kitu, ukopi tena."

Akafunga. Akakopi. Akapesti. Kijana yuleyule, lakini sasa yuko karibu zaidi. Amevaa sweta ya maruni yenye mstari mweupe kifuani.

Vipul akaizima mashine na kuiwasha upya. Akabadilisha kibodi. Akajaribu kwa kipanya. Akatafuta virusi, hakuna. Kila walipojaribu, ukungu ulipungua, na mwishowe Cheptanui akaondoa mkono kwenye meza kama aliyeungua.

Alikuwa Kipsang, mume wake.

Kipsang alikuwa amekwenda ng'ambo ya Njoro kumtoa mama yake shambani kabla mambo hayajaharibika zaidi. Barabara zilikuwa zimewekwa mawe. Cheptanui aliitazama ile picha akitafuta kitu cha kuikanusha. Nyumbani kwao hakukuwa na ukuta wa kijani. Na Kipsang hakuwa na sweta kama ile. Hilo la sweta akalishikilia. Akatoka nje kwenye veranda, akampigia simu.

"Niko sawa, Mama Cherop."

"Umevaa nini?"

"Kwani umeajiriwa polisi?"

"Niambie tu."

"Si ni ile shati yangu ya bluu. Tumepata lori. Jioni tuko hapo."

Akarudi ndani akipumua vizuri. Dukani foleni ilikuwa imefika mlangoni, wote wafiwa. Na Vipul alikuwa amefanya kile walichozoea kufanya kazi ikikwama kwenye printa: unaiacha itoke, ili nyingine ipite. Alikuwa amechapa nakala ya ile picha. Moja tu. Kwenye skrini, baba yake Micah alikuwa ametulia mahali pake, na kofia yake kichwani.

"Imekubali," Vipul akasema. "Ilitaka kutoka tu."

Simlaumu. Angejuaje? Alikuwa na chumba kizima cha watu waliochoka kulia, na mashine iliyokataa kazi. Ningekuwa mimi, ningeichapa mapema zaidi.

Cheptanui akaiokota ile karatasi. Kwenye skrini, kabla hajatoka nje, Kipsang alikuwa amefumbua macho.

Kwenye karatasi alikuwa ameyafumba.

Akapiga tena.

"Kuna baridi huku juu," Kipsang akasema. "Lakini kuna mathe hapa, mama wa watu, amenihurumia, amenipa sweta."

"Rangi gani?"

"Maruni. Ina kamstari hapa mbele."

"Vua," akanong'ona.

"Nini?"

"Baba Cherop, vua hiyo sweta. Tafadhali."

Akacheka. "Na baridi hii? Nitavua nikifika."

Salio likaisha. Siku zile kadi za simu zilikuwa zimeadimika mjini. Vipul akampa simu yake bila kuuliza. Ikaita. Ikaita tena. Haikushikwa.

Lori lilisimamishwa njiani. Mama yake Kipsang alinusurika, na hajawahi kusema aliona nini. Ni nani waliolisimamisha, sijui, wala sitakisia. Mwezi ule watu waliokuwa wakisalimiana sokoni walifanya mambo ambayo wao wenyewe leo hawawezi kuyatazama.

Kule mochari, Cheptanui hakuonyeshwa uso kwanza. Alionyeshwa sweta. Kisha wakamwambia aketi, angoje. Palikuwa na benchi. Akageuka kutafuta pa kuegemeza kichwa.

Ukuta ulikuwa wa kijani.

Hakurudi dukani tena. Vipul aliiuza ile mashine kwa bei ya kutupa, na anasema haikusumbua tena hata siku moja kabla ya kuondoka. Karatasi Cheptanui aliniletea mimi, kwa sababu hakuweza kuiweka wala kuichoma. Niliifungia sandukuni.

Sasa ni Julai, na baridi ya huku mnaijua. Juzi nilifungua sanduku kutafuta blanketi, nikaitazama. Kipsang yuko palepale, macho yamefumbwa, mwisho wa benchi. Ile nafasi aliyoiacha si tupu tena. Ukingoni mwa karatasi kuna kiwiko cha mtu. Ni mkono wa sweta ya zambarau.

Nimeifahamu familia ile miaka mingi. Cheptanui hana sweta ya zambarau.

Jana alinisimamisha kwenye ua tukaongea kidogo. Amekonda, lakini alitabasamu. Akaniambia dada yake Chepchirchir, aliye Njoro, anamfumia sweta, imebaki mkono mmoja.

Nikamwambia ni vizuri. Sikumwuliza rangi.