Sarafu Sita za Kidani

Mjomba wangu ni sonara, na msinibishie: kwa kutoboa sarafu hana mpinzani. Wenzake wanahangaika na vipimo. Yeye anapapasa ukingo kwa kidole, anajua pa kupitisha keekee, basi. Shule niliikimbia mapema, lakini kazi nzuri naijua nikiiona.

Asubuhi moja mwanamke alimletea sarafu sita za fedha, anataka kidani. Zilikuwa kuukuu, sura zake zimelika kama sabuni inayokwisha. Akasisitiza mambo mawili: atoboe juu ya kichwa, na asizisugue.

Mjomba asisugue? Mwambie kuku asichakure.

Mteja alipotoka tu, akapaka unga wa kung'arishia kidoleni, akasugua ya kwanza. Sura ikaja. Pua. Midomo. Bibi kizee, macho kayafumba. Unga ukikauka kidole kimoja, anahamia kingine. Sarafu tano, vidole vitano, vizee watano wamelala.

Keekee ikamponyoka. Akaiokota, ikaponyoka tena. Akajidunga sindano kidoleni. Damu ikatoka. Maumivu hayakuja.

Akaugeuza mkono kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini. Hazina mstari hata mmoja.

Adhuhuri mwanamke alirudi. Akaziona zile tano zinavyong'aa, hakuzigusa.

"Nilikwambia uwaache wafutike," akanong'ona.

"Nirudishie mkono wangu, dada. Ndio unaonilisha."

"Mama aliwabeba kibindoni maisha yake yote ili walike. Nami nikawabeba. Zamu yako."

Akaondoka. Mjomba hakulia, hakumfuata. Alikwenda uani, akauosha ule mkono muda mrefu, kama anaosha sahani ya mtu mwingine. Akajiambia kushoto kumebaki, atajifunza. Na sarafu ya sita hajaigusa. Huyo mmoja atabaki amefutika.

Aliporudi ndani, mkewe alikuwa jikoni, anaipua sufuria ya chai.

"Ile moja uliyoisahau mezani nimekusugulia kwa viganja vyote viwili, baba watoto," alisema. Kisha, taratibu: "Mbona chai imepoa?"

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Sufuria ameishika kwa mikono mitupu. Harufu ya ngozi inayoungua ilikuwa imeshajaa jikoni.

Siku hizi anapika mjomba, kwa mkono wa kushoto, na mkewe anakatazwa kukaribia moto. Hawagombani. Hawazungumzi sana.

Sarafu ziko kwenye droo. Juzi nilizikagua kwa lenzi ya mjomba niliyoibana jichoni, mikono nimeifunga mgongoni, maana ushujaa wangu nao una mpaka. Mashavuni mwa zile tano mna mistari ya vidole vya mjomba, hadi kovu aliloachiwa na tupa. Ya sita ina mistari ya viganja vya mkewe.

Huyo wa sita macho yake yako wazi.