Kidirisha cha Nyuma ya Dereva

Feni ilikuwa inazunguka, na hapakuwa na upepo.

Simioni aliiona akirudi kutoka shamba la kijiji, saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya kijiji cha Natta na mahindi hayatikisiki hata jani. Ilikuwa feni ya redieta ya lori, aliyoipachika mwenyewe juu ya paa la tela ili upepo uizungushe nayo itoe joto nje. Alidhani labda huko juu upo upepo asiousikia. Kisha akaona pazia. Lilikuwa limejibandika kwenye kidirisha, kutoka ndani, kama kitambaa mdomoni mwa mtu anayevuta pumzi.

Kezia, mkewe, alikuwa amelala humo.

Tela hilo ndilo lililokuwa nyumba yao. Mwaka wa pili tangu wahamie kijijini, nyumba yao ya matofali ilikuwa bado imefika madirishani tu, na kibanda walichoanzia kilijaa moshi ambao pumu ya Kezia haikuustahimili. Simioni alikuwa dereva na fundi. Lori alilokuwa akiliendesha lilipokufa, alikubaliwa kuchukua vipande vyake. Juu ya ekseli ya nyuma alijenga chumba cha mbao na mabati ya mapipa. Kitanda na kabati vilimchukua siku tatu. Hewa ilimchukua mwezi. Aliweka vile vioo vya pembetatu vya milango ya lori, vinavyogeuka na kuelekeza upepo ndani. Akaweka feni. Na mkabala na mto wa Kezia akaweka kidirisha cha kuteleza kilichokuwa nyuma ya kiti cha dereva, kile ambacho abiria wa nyuma walikitumia kuzungumza naye. Mseti, mwenyekiti wa kijiji, alimtania kwamba wenzake ndiyo kwanza wamefika na yeye anajiandaa kuhama tena. Simioni alicheka. Kezia alikuwa amelala miezi miwili bila kukohoa.

Mchana ule alimkuta midomo imekuwa ya majivu. Alimbeba hadi nje, na huko pumzi ikarudi kidogo kidogo.

“Nilikuwa navuta, haiji,” Kezia alisema. “Kama kuna mwingine anavuta kabla yangu.”

Kesho yake, saa ile ile, Simioni alikaa naye. Ilianza harufu: vumbi lililolowa, mkojo wa mbuzi, turubai lililopigwa na jua. Halafu kioo kikagongwa. Mara tatu, polepole, kwa kitu cha chuma, kama bangili. Alitoka akazunguka tela lote. Hapakuwa na mtu. Alipokifunga kidirisha, Kezia alianza kukorota kwa kukosa hewa, na alipokifungua pazia likaruka likajibandika tena, na mkewe akafumba macho kama mtu anayenyang'anywa kitu ambacho hana nguvu ya kukishikilia. Alijaribu kumrudisha kibandani. Usiku mmoja wa moshi ukamkohoza damu.

“Wewe unamjua anayebisha,” Kezia alisema. Haikuwa lawama.

Alimjua. Kijiji kizima kilimjua. Mwaka wa sabini na nne, serikali ilipowahamishia watu vijijini, Simioni ndiye aliyewaleta hapa, safari kwa safari, pamoja na mbuzi wao na milango waliyoing'oa. Safari ya kwanza watu waliruka wakarudi makwao, kwa hiyo akaagizwa turubai lifungwe na asisimame njiani. Katika safari ya nne bibi mmoja, Mokami, aligonga kidirisha kwa bangili yake. Alitaka turubai lifunguliwe kidogo. Simioni alikifunga kidirisha. Alijiambia ni kwa sababu ya vumbi. Walipofika, Mokami alikuwa ameketi wima kati ya magunia, mdomo wazi, amekufa. Walimzika siku ile ile, katika ardhi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Hakuna aliyemsema Simioni. Yeye aliambiwa aendeshe, wao waliambiwa wapande. Na alipokuwa anatafuta kidirisha kwa ajili ya mkewe, hicho ndicho kilichobaki kizima.

Bibi Waisiko, mganga, aliitwa. Alikuja bila kondoo wa kafara, akakaa mlangoni mwa tela, akanusa.

“Shikamoo bibi,” Simioni alisema. “Mfukuze.”

“Marahaba. Nimfukuze aende wapi?” Aliongea chini chini, kama wanavyoongea penye mgonjwa. “Huyu yuko safarini bado. Mrudishe kwake, umfungulie, ashuke.”

Kurudi kwenye mahame, makazi waliyohamishwa, kulikuwa kumekatazwa. Mseti alilitafakari jambo hilo siku mbili, kisha akatoa trekta la kijiji, akasema akiulizwa atajibu kwamba fundi anajaribu magurudumu.

Walifika kabla ya saa saba. Kuta zilikuwa zimeanguka, ua wa katani umekuwa msitu, na makaburi ya nyuma ya nyumba yamefunikwa na majani marefu. Simioni alifungua mlango wa tela, akateleza kidirisha mpaka mwisho, akainama. Alitaka kusema mengi. Alisema, “Mama, tumefika.” Pazia lilining'inia, tulivu. Feni ikasimama. Kezia alivuta pumzi ndefu, ya kwanza baada ya wiki tatu, akacheka huku analia.

Walirudi Kezia akiwa ameketi juu ya madigadi ya trekta, karibu na mumewe. Penye kijito trekta lilianza kulalamika. Njia ilikuwa tambarare, gia ilikuwa ndogo, na bado lilikuwa linavuta kama limefungiwa tani tano nyuma, na Simioni alipogeuka aliona matairi ya tela yamebonyea hadi kwenye rimu, na majani ya njiani, pande zote mbili, yakilala na kuinuka kama yanayokanyagwa na watu wanaokimbia ili wasiachwe. Ndipo alipofikiria makaburi mengine, ya waume na watoto na mababu, walioachwa miaka miwili bila mtu wa kuwaambia wenzao wamepelekwa wapi. Hakusimama. Hakuongeza mwendo. Hakujua lipi kati ya hayo lingemuua mkewe.

Waliingia kijijini mvua kubwa ikianza. Wazee walitoka milangoni mwao, mmoja mmoja, bila kuitwa, wakasimama wakilitazama tela. Simioni alifungua mlango, akaingiza taa ya kandili. Mwali ulilala, ukazimika. Hewa ya humo ilikuwa ya moto, nzito, imekwisha kutumika.

Kezia alikuwa nyuma yake, amelowa, ameanza kukohoa.

“Karibuni,” sauti ya mtu mzima ikasema kutoka gizani mle ndani, kwa upole sana. “Jisogezeni, wenzangu, wenye nyumba wapite.”