Bibi wa Kitabuni na Bibi wa Barazani

Kila alasiri Chiriku alipotoka shule alivua sare, akafua soksi, kisha akaenda kuketi barazani karibu na bibi yake. Bibi alikuwa fundi wa miavuli na mikoba. Kazi yake ilikuwa kushona na kugombana na uzi. Chiriku alipewa jina hilo na wenzake darasani kwa sababu hakujua kunyamaza, ila akishika kitabu ungedhani hayupo.

Na kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa cha mama yake tangu utotoni, jalada limeng'oka, kurasa zimelegea. Kilisimulia habari za kikongwe mpole aliyelinda daraja, akitembea kwa fimbo, akifuatwa na paka mweupe. Chiriku alikuwa amekirudia mpaka akajua maneno ya ukurasa wa mbele kabla ya kuufunua.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aliwapa insha: "Mtu Ninayemjua Vizuri". Insha moja tu ingechaguliwa kusomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba. Bibi hakuwahi kufunga kazi kwa ajili ya sherehe yoyote ya shule, lakini safari hii alikuwa ametoa ahadi.

"Ukisoma wewe, nafunga kazi nakuja," alisema. "Usiposoma, mimi na miavuli yangu."

Chiriku aliandika kuhusu bibi. Kalamu iliteleza yenyewe, akajaza kurasa bila kufuta hata neno. Alijiona amemaliza kazi.

Kesho yake mwalimu alimrudishia insha bila alama. "Chiriku, bibi huyu nimeshakutana naye kitabuni."

"Haki ya Mungu, mwalimu, sijanakili! Kitabu hata sikukifungua!"

"Inawezekana. Lakini huyu si bibi yako. Andika upya, uniletee Ijumaa."

Darasa zima likacheka. Chiriku akaikunja insha kwa hasira. Asiyenakili anaonewa vipi namna hii? Alitembea hadi nyumbani akipiga mawe teke, akautupa mkoba barazani.

"Taratibu! Huo mkoba nimeushona mimi," bibi akafoka. "Nani kakuudhi?"

"Mwalimu! Hebu sikiliza, bibi, kisha useme kama nimekosea." Akaanza kusoma kwa sauti, akitarajia kutetewa. "'Bibi yangu hutembea taratibu kwa fimbo yake, na paka wake mweupe humfuata nyuma...'"

"Ngoja, ngoja. Fimbo?"

"Sikiliza kwanza. 'Kamwe hapandishi sauti...'"

Bibi aliweka koleo chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi sipandishi sauti? Waulize wateja wangu! Na huyo paka katoka wapi, mimi ninayepiga chafya nikiona manyoya? Mke mwenzangu, huyu bibi ni wa nani?"

Chiriku hakucheka. Aliingia ndani, akakifunua kitabu. Maneno yake yalikuwa humo, fimbo na paka na yote, karibu neno kwa neno. Hakuwa amenakili kwa macho. Yalikuwa yamemkaa kichwani kwa muda mrefu hata akadhani ni yake. Aliona aibu, kisha akakasirika zaidi. Alikisukumia kitabu chini ya godoro, akaapa kutokisoma tena.

Lakini bila kitabu mambo yakawa mabaya kuliko awali. "Bibi yangu ni mtu mzima," aliandika. "Ana mikono miwili." Akafuta. "Bibi yangu ni fundi. Ni mzuri." Akachana karatasi. Alhamisi ikamkuta amekaa barazani, kalamu mdomoni, machozi yakimlengalenga.

"Ukiitafuna hiyo kalamu, mimi sina ya kukununulia," bibi alisema, kisha akaanza kupekuapekua sakafuni. "Sindano yangu iko wapi? Nani kapita hapa? Katika nyumba hii vitu vina miguu!"

Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kilemba chake, mahali anapoichomeka kila siku kabla ya kuanza kumlaumu kila mtu.

Chiriku alimtazama. Akakumbuka kwamba mwandishi wa kile kitabu hakusema popote kuwa kikongwe wake ni mzuri. Alionyesha tu vidole vyake vikikagua misumari ya daraja, mmoja baada ya mwingine, na msomaji akampenda. Chiriku alitazama vidole vya bibi. Vililowesha uzi, vikakunja waya. Bibi akaufungua mwavuli, akauinua juani kutafuta matundu, na vidoa vya mwanga vikamwangukia usoni. Chiriku akaanza kuandika.

Ijumaa alipeleka insha mpya pamoja na kitabu chenyewe.

"Mwalimu, ulisema kweli. Maneno yalikuwa ya humu. Sikujua, lakini yalikuwa ya humu. Nisamehe kwa kubisha."

Mwalimu alisoma insha amesimama. Alipofika kwenye sindano alicheka peke yake.

"Huyu sasa ni bibi yako," alisema, akamrudishia kitabu. "Usikifiche. Nilipokuwa na umri wako, nami nilikuwa na changu, na mpaka leo nikiandika nakisikia. Kitabu ukipendacho kitakaa nawe maisha yako yote. Usimchukue bibi aliyemo ukasema ni wako, huo ni wizi hata kama hukukusudia. Jifunze kutazama kama mwandishi wake alivyotazama, kisha umtazame bibi yako mwenyewe. Na ukikosea, sema kama ulivyosema leo."

Siku ya kufunga shule, bibi alikaa mstari wa mbele. Chiriku alisoma kwa sauti kubwa. Aliposoma kuhusu sindano, bibi alipeleka mkono kwenye kilemba taratibu. Ilikuwepo. Akaichomoa, akawaonyesha wazazi wote, nao wakacheka hadi mwalimu akaomba utulivu.

Walipolifikia lango la nyumbani, bibi akasimama.

"Yule bibi wa daraja," akasema, "kitabu chake bado unacho?"

"Ninacho."

"Basi leta barazani unisomee. Nataka kumjua huyo aliyetaka kunivisha fimbo."